Mistari Minne ya Kuuliza Bei

"KILO"?→K
"BEI"?→B
"MAKATO"?→M
K(B−M)

Hii ni programu nzima, haina mwanzo mwingine wala mwisho mwingine. Imeandikwa kwenye Casio fx-5800P, kikokotoo kilichoingia sokoni mwaka 2006 lakini kwangu ni kipya. Kazi yake ni moja tu: kumwonyesha mkulima wa korosho, ufuta au mbaazi wa Ruangwa au Nachingwea ni shilingi ngapi zitamfikia baada ya mnada. Wapima ardhi na wahandisi hukitumia kikokotoo hiki kwa hesabu ndefu zaidi. Mimi nimechagua fupi kwa makusudi, kwa sababu katika mistari minne kila alama ina kazi yake, na alama isiyokuwepo huonekana pengo lake. Nataka kuisoma programu hii kama maandishi, si kama chombo, na kuuliza umbo lake linampa nani maarifa na linamnyima nani.

Tuanze na kitufe. Kwenye Casio fx-991MS, ambayo wanafunzi wetu wengi wa kidato cha tano na sita wanaijua, hesabu humalizwa kwa alama ya =. Ni kama kutoa tamko: hiki na kile ni sawa. Kwenye fx-5800P mahali hapo pamekaa EXE, na EXE haitamki kitu, inaamuru kitekelezwe. Tena ina kazi tatu. Unapoandika programu, inafunga mstari. Programu inapokimbia, inapokea jibu lako. Na programu inaposimama kuonyesha jambo, inairuhusu iendelee. Mwandishi, mjibuji na msomaji wote wanabonyeza kitufe kimoja. Mgeni wa kikokotoo hiki hujikanganya hapo kwanza, na anapozoea hugundua kwamba zamu hizo tatu zinaweza kuwa za watu watatu tofauti.

Sasa mstari wenyewe: "KILO"?→K. Una jina ndani ya alama za kunukuu, swali, mshale, kisha herufi. Jina ni la binadamu, maana mashine haihitaji kujua kilo ni nini. Herufi ni ya mashine, maana mkulima hahitaji kujua kwamba uzito wa korosho zake unaitwa K. Alama ya kuuliza imekaa katikati ya pande hizo mbili. Mshale nao unakwenda upande ambao tendo linakwenda: jibu linatoka kwa mtu na kuingia katika herufi. Shuleni tuliandika K = 850 na kuanza na herufi, kana kwamba K ilikuwepo siku zote ikisubiri thamani. Hapa kinachotangulia ni swali, na bila mtu wa kulijibu K haina lolote la kusema.

Anayejua tarbia atatambua umbo hili upesi. Kioo cha fx-5800P kina mistari 4, kila mmoja una nafasi ya herufi 16. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kwa kawaida kila mshororo una mizani 16, ukwapi nane na utao nane. Kulingana kwa namba hizo ni sadfa. Mshairi huhesabu silabi, kioo huhesabu alama. Ila kuna jambo lisilo sadfa. Kila mmoja wa mistari mitatu ya kwanza hukatika vipande viwili kwenye alama ya kuuliza, kimoja cha kusomwa na kingine cha kutendwa, na mstari wa nne ndio kituo. Mitatu inauliza, wa nne haumuulizi mtu. Nidhamu ya nafasi ndogo inamlazimisha mwandishi kuchagua, na uchaguzi ndio unaohakikiwa.

Kabla ya kuhakiki uchaguzi wenyewe, inafaa kuona kikokotoo cha aina hii kinatofautiana wapi na vile tulivyokulia navyo. Mtahiniwa wa kidato cha nne huingia kwenye Basic Mathematics bila kikokotoo, akiwa na majedwali ya hisabati tu. Wa kidato cha sita, kwenye Advanced Mathematics, huruhusiwa kikokotoo, kwa sharti kwamba kiwe kisichoprogramiwa. Ukilitazama sharti hilo vizuri, halikatazi wepesi wa kuhesabu. Fx-991MS inatatua milinganyo na kuzidisha matriksi. Linalokatazwa ni sentensi iliyohifadhiwa. Hata fx-991MS ina kitufe cha CALC: ukiandika fomula yenye herufi, kitakuuliza thamani ya kila herufi, mithili ya programu yetu. Lakini ukizima kikokotoo, fomula imepotea. Tena herufi zake ni A hadi F, X, Y na M tu, kwa hiyo kilo haiwezi kuitwa K. Kwenye fx-5800P herufi zote 26 zinapatikana, maneno ya Kiswahili yanaandikika, na kilichoandikwa leo kinabaki msimu ujao chini ya jina ulilokipa. Kwa hiyo kinaweza kusomwa na mtu ambaye hakukiandika, na hapo ndipo lawama ya umbo inapoanza.

Lawama yangu iko kwenye M.

Mazao ya eneo hili huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Sheria yake ni ya mwaka 2005, na korosho ziliingia katika mfumo huo msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi cha ushirika (AMCOS), unapimwa, unakwenda ghala kuu, na chama kikuu, ambacho kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI, husimamia mnada. Bei hutofautiana kati ya mnada na mnada, na ndani ya mnada mmoja kuna bei ya juu na bei ya chini. Ndiyo maana "BEI" ina alama ya kuuliza: haijulikani mpaka siku yenyewe. Makato yana tabia nyingine. Yapo ya ghala, ya usafiri, ya AMCOS na ya chama kikuu, na kila moja lina mwenyewe. Programu yetu imeyakunja yote katika neno moja na kuyauliza kwa pumzi moja. Hesabu haikosei. Kinachokosekana ni majina, na mtu anayejibu swali la tatu anatakiwa awe amekwisha kujumlisha mahali ambapo hakuna anayemwona.

Iandike upya:

"GHALA"?→G
"USAFIRI"?→U
"AMCOS"?→A
"CHAMA KIKUU"?→C
G+U+A+C→M

Mstari wa nne hapo unajaza herufi 16 kamili, kabla hata ya alama ya kufunga mstari. Jina la chama kikuu halikubakiza nafasi. Jibu la mwisho ni lilelile. Lakini M imeshushwa cheo: haiulizwi tena, inatokana na wengine. Kila kato sasa linaitwa kwa jina lake na kusubiri mtu alitamke. Kwenye Casio fx-3650P, iliyokuwa na nafasi ya baiti 360 kwa programu zake zote, mwandishi angeweza kujitetea kwamba nafasi haikutosha. fx-5800P ina baiti 28,500. Anayefupisha humo amefupisha kwa hiari.

Kuna msimu mmoja unaoonyesha uzito wa alama hizi kuliko maelezo yoyote. Novemba 2018, baada ya mvutano na wanunuzi waliotoa bei ya chini, Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Ukitaka kuuandika msimu huo kwenye kikokotoo, mstari wa pili unakuwa hivi:

3300→B

Mshale umebaki, herufi imebaki, alama ya kuuliza imeondoka, na jina nalo limeondoka kwa sababu hakuna wa kuulizwa. Mkulima aliyechoshwa na bei ya kubahatisha angeupenda mstari huu. Mchumi angeuogopa. Msomaji wa umbo anaona jambo la awali zaidi: bei imehama kutoka kwa yule anayekimbiza programu kwenda kwa yule aliyeiandika. Tofauti ya soko na amri, ambayo vitabu huieleza kwa kurasa nyingi, hapa imebebwa na alama moja.

Udhaifu wa mwisho uko kwenye kituo. K(B−M) inatoa namba tupu. Tuseme kilo ni 850, bei ni 3,000 na makato ni 200 kwa kilo. Kioo kitaandika 2380000, bila mkato wa kutenga maelfu, bila neno shilingi, na bila kueleza kilichotangulia. Swali lilikuwa na jina, jibu halina. Dawa ipo ndani ya lugha ileile ya mashine:

"GHAFI":KB◢
"MAKATO":KM◢
"MKONONI":K(B−M)

Pembetatu ndogo nyeusi inaisimamisha programu mpaka EXE ibonyezwe tena. Kwa hiyo mkulima anaona 2550000, anasimama. Anaona 170000, anasimama. Kisha anafika 2380000 akiwa anajua imetoka wapi. Katika ubeti wa kwanza jumla ya makato iliingia kama jibu na haikuonekana tena. Sasa inatoka kama taarifa, tena baada ya mzigo mzima kuthaminiwa, mahali ambapo mtu anaweza kuuliza.

Programu ndefu ndiyo bora, basi, ingawa mwalimu wa hisabati angesifu ile fupi kwa unadhifu wake. Sifa hiyo si ya bure. Katika K(B−M) kuna akili ya kutambua kwamba kilo huzidishwa mara moja tu. Lakini unadhifu huo ni wa mwandishi, na mwandishi hapa si yeye anayesubiri malipo.

Isitoshe, ubora wote huu una mpaka. Mashine haijui kama jibu ni la kweli: ukiandika kilo pungufu itazipokea kwa adabu ileile. Na fx-5800P haiwezi kuunganishwa na kompyuta. Programu huhama kwa waya kwenda fx-5800P nyingine tu, au kwa mkono, herufi baada ya herufi. Kwa hiyo maandishi haya yasiishie kwenye kioo. Ubao wa matangazo wa AMCOS hauhitaji betri. Unaweza kubeba mistari ileile kwa mpangilio uleule: kilo, bei, ghala, usafiri, AMCOS, chama kikuu, kila moja na nafasi yake ya kujazwa, kisha ghafi, makato na mkononi. Aliyepanga ubao hivyo atakuwa ameandika programu, na kila mwanachama anayejua kuzidisha ataweza kuikimbiza mwenyewe.