Kitabu kisichongojea mchapishaji: tusome tena «Vocabulaire» ya André Yav

Hapa kwetu Lubumbashi kuko watu wengi wenye kuficha kaye za hadithi na mashairi chini ya kitanda. Sisi walimu wa sekondari tunawajua, maana wanafunzi wetu wa zamani wanatuletea hizo kaye tuwasahihishie. Ukiuliza kwa nini hawazitoe, jibu ni moja: «Mwalimu, batu ya kuchapa mabuku habako.» Wanangoja mwaka, wanangoja miaka kumi, halafu kalamu inakauka. Juu ya jambo hilo tunataka kusema, lakini tutapitia kwanza kwenye andiko moja lililozaliwa hapahapa.

Ilikuwa mwaka 1965. Mji ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville. Jina la Lubumbashi lilikuja mwaka wa 1966. André Yav aliandika, kwa jina la chama cha watu waliokuwa maboyi katika nyumba za Wazungu, historia ya mji na ya kazi yao. Iliandikwa kwa mashini, nakala zikatolewa kwa stensili, basi. Hakuna nyumba ya vitabu iliyoombwa ruhusa. Kichwa ni cha Kifaransa, «Vocabulaire», yaani msamiati, lakini ukifungua hukuti orodha ya maneno, unakuta historia. Tunaona kile Kifaransa ni kama koti lililovaliwa kwa kwenda biro. Ndani ni Kiswahili chetu kabisa, kile cha sokoni na cha kiwanja.

Je, ni andiko zuri? Wenzetu wengine wa kazi wanasema hapana, na sababu zao si za bure. Nukta karibu hakuna. Maneno yamekatwa ovyo, mengine yameunganishwa pasipo faa. Jambo lililokwisha semwa linarudi tena mbele, na miaka inapishana. Mwanafunzi akituletea kazi ya namna hiyo tungeijaza wino mwekundu.

Lakini soma kwa sauti! Pale ndipo kitabu kinaamka. Hata Johannes Fabian, mtaalamu aliyekishughulikia, hakuweza kukifuata kwa macho peke yake. Ilibidi Kalundi Mango akisome kwa sauti, ndipo sentensi zikajulikana zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Kumbe Yav aliandika kama mtu anayesema mbele ya wazee wenzake, na wale walikuwa wanajua kila nyumba na kila bwana anayetajwa. Kurudiarudia kwake ni kule kwa msimulizi anayehakikisha kama watu wangali wanamsikia. Kwa hiyo wino wetu mwekundu hautoshi kumpima. Kosa tunalomhesabia sisi ni lingine: anapita mbio mahali tungetaka akae. Maisha ya ndani ya nyumba za Wazungu, ambayo boyi aliyaona kuliko mtu yeyote, tungependa yawe marefu mara tatu.

Sasa tutazame mwendo wa kitabu chenyewe. Mwaka 1990 kilitoka kama buku la kweli, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwenye nyumba ya John Benjamins, Amsterdam. Mwaka uleule wa 1990, chuo kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilitoa kitabu kingine cha Fabian juu ya michezo ya kundi la Mufwankolo, wale wachezaji wetu wa Kiswahili tuliowasikia redioni. Mwaka mmoja, vitabu viwili vyenye maneno ya kinywa chetu, vyote ng'ambo, kwa bei isiyo ya mshahara wa mwalimu! Hatuwalaumu wataalamu, bila wao nakala zile za stensili zingekwisha kuliwa na mchwa. Lakini tuseme wazi: Yav na Mufwankolo hawakuwangojea. Walikuwa na watu wao kwanza, buku likafuata nyuma.

Kungoja si ugonjwa wa Kongo tu. Shaaban Robert wa Tanganyika alikufa mwaka 1962, na «Utubora Mkulima» ilichapwa mwaka 1968. Na mtoto wa mji wetu, Fiston Mwanza Mujila, alitoa «Tram 83» Paris mwaka 2014. Tumefurahi sana, ila ni kwa Kifaransa. Kijana anayetunga kwa Kiswahili cha Katanga hana mlango huo wa kubisha.

Ndiyo maana hatuwaambii hawa vijana «vumilieni» tu. Uvumilivu bila msomaji ni njaa. Yav aliendelea mpaka ukurasa wa mwisho kwa sababu kuko watu waliokuwa wanamdai ile historia. Mwandikaji wa leo naye atafute wa kumdai: kwaya, chama cha akina mama, kalasi, hata familia yenye kilio inayotaka maisha ya marehemu yaandikwe. Fotokopi iko kwenye kila njia, hatuhitaji stensili. Na tusirudie uzembe wa kutawanya nakala bila kulinda moja. Moja ibaki kwa mwenyewe, moja maktaba ya masomo, moja katika kabati la chama chetu hiki, na jina la mwandikaji pamoja na mwaka viandikwe juu kwa herufi kubwa.