Asidi Kali ni Ipi? Uhakiki wa Istilahi Tatu za Kemia ya Kidato cha Tano na cha Sita

Yamkini msomaji atauliza: kuna haja gani ya kuhakiki istilahi za Kiswahili za kemia ya juu, ilhali nchini Tanzania somo hilo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza? Jibu letu ni kwamba mtihani huandikwa kwa Kiingereza, lakini aghalabu maelezo hutolewa kwa Kiswahili. Mwalimu akiona darasa limenyamaza, huiacha lugha ya kitabu akaeleza kwa lugha ambayo wengi wa wanafunzi wake walijifunzia sayansi katika shule ya msingi. Hapo ndipo istilahi hufanya kazi yake, njema au mbaya. Katika makala haya tutazipima tatu.

Ya kwanza ni *asidi kali*. Katika maisha ya kila siku neno hili halina tatizo: asidi kali ni ile inayounguza. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tano hudaiwa kutenganisha mambo mawili. Jambo moja ni tabia ya asidi yenyewe, yaani kiasi ambacho molekuli zake hugawanyika kuwa ioni zikiwa majini. Jambo la pili ni wingi wa asidi katika maji hayo. Asidi ya haidrokloriki hugawanyika takriban yote. Asidi ya ethanoiki, ambayo ndiyo iliyomo katika siki, hugawanyika kidogo mno. Tukitia moli 0.1 ya kila moja katika lita moja, ya kwanza huwa na pH 1, na ya pili huwa na pH inayokaribia 2.9, kwani ni kama molekuli moja tu katika kila 100 iliyogawanyika. Wingi ni sawa, tabia ni mbalimbali. Sasa mwalimu akisema "asidi kali", mwanafunzi ashike lipi?

Sisi twaona neno *kali* libaki katika vibandiko vya tahadhari, lisitumike katika maelezo ya somo. Kwa tabia, tuseme asidi *yenye nguvu* na asidi *dhaifu*. Kwa wingi, tuseme asidi *iliyokolea* na asidi *iliyozimuliwa*. Mpishi hujua chumvi iliyokolea, na mgema hujua kuzimua tembo kwa maji. Wako watakaosema kwamba *zimua* linanuka kilabu cha pombe. Na linuke! Neno ambalo mwanafunzi amelisikia mtaani likifanya kazi ile ile litamfaa kuliko neno lililobuniwa ofisini. Kwa maneno haya manne, kauli kwamba asidi dhaifu yaweza kukolea, na yenye nguvu yaweza kuzimuliwa, haina utata tena.

Ya pili ni *kuyeyuka*. Barafu huyeyuka, na sukari nayo twasema huyeyuka katika chai. Kemia haikubali matukio haya mawili yachangie kitenzi kimoja. Chumvi ya mezani haiwi majimaji kwa joto mpaka ifikie nyuzi 801 za Selsiasi; katika maji ya mtungi hutoweka bila kupashwa moto hata kidogo. Mwanafunzi aliyezoea kitenzi kimoja hutafsiri kichwani, akaandika katika karatasi ya mtihani neno la Kiingereza la barafu mahali pa neno la sukari. Huyo hupoteza alama kwa kosa la lugha, wala si kwa ujinga wa kemia. Na dawa tunayo: *mumunyika*, ndugu yake *mumunya*, afanyavyo mtoto na pipi mdomoni. Basi barafu iyeyuke, sukari imumunyike, na kinachopatikana kiitwe *mmumunyo*.

Ya tatu ni *msawazo*. Neno hili zuri limetokana na kusawazisha, na humkumbusha msikilizaji mizani iliyotulia. Kasoro iko hapo hapo. Naitrojeni na haidrojeni zinapounda amonia katika chombo kilichofungwa, hufika wakati ambapo viwango havibadiliki tena. Lakini hakuna kilichotulia: amonia huendelea kuundwa na kuvunjika kwa kasi iliyo sawa. Wala si lazima viwango vyenyewe vilingane. Mfano wake si mizani, bali ni soko ambalo wanaoingia ni wengi sawa na wanaotoka. Twapendekeza *msawazo wa mwendo*. Hatudai kwamba ndilo neno la mwisho. Mwenye lililo bora na alilete.

Hatukusudii kulaumu waliotutangulia. Majina ya elementi kama oksijeni na kaboni yamekwisha kukaa vizuri katika ndimi za watu, na hatuoni sababu ya kuyagusa. Ugumu uko katika vitenzi na sifa, ambavyo kamati huviona vyepesi kwa kuwa kila mtu anavijua. Kwa hiyo twatoa rai: istilahi za kemia zisipitishwe moja moja, bali kwa jozi zinazotofautishwa darasani; na walimu wa kidato cha tano na cha sita waitwe katika vikao hivyo. Wao ndio husahihisha madaftari, na humo ndimo kila neno lililochaguliwa vibaya huonekana.