Ramani Isiyo na Wenyewe

Septemba 1666 moto uliiunguza London kwa siku nne, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87 ya parokia. Majivu hayajapoa, Christopher Wren alikwisha kumpelekea Mfalme Charles II ramani ya mji mpya. Michoro yake imehifadhiwa Chuo cha All Souls, Oxford. Nakala zilizochapwa karne ya 18 ndizo zilizoieneza sifa yake.

Anayeitazama kwa jicho la mshairi hakosi kuvutiwa. Njia ni za vipimo vitatu, futi 90, 60 na 30, mfano wa mtunzi aliyejichagulia mizani akaishika hadi ubeti wa mwisho. Jengo la wafanyabiashara, Royal Exchange, limekaa kati ya uwanja, na barabara zinaliendea kutoka kila upande. Ukingo wa Thames umenyooshwa ukawa gati. Vichochoro vya kale, walimopita watu wakigusana mabega, havimo.

Wala wenye viwanja hawamo, na hapo ndipo utungo unapopwaya. Moto uliangusha kuta, haukufuta milki. Chini ya kila mstari ulionyooka palikuwa na kiwanja cha mtu na mkataba wa mpangaji, na wote wawili walitaka paa. Fedha za kuwafidia hazikuwapo. Mfalme alikuwa vitani na Waholanzi. Sheria ya 1667 ikaridhika na machache: matofali na mawe badala ya mbao, njia kadhaa kupanuliwa, King Street na Queen Street kufunguliwa kutoka Guildhall kuelekea mtoni. Robert Hooke na wenziwe wakapita na vigingi, kiwanja kwa kiwanja.

Parentalia, kitabu alichokikusanya mwana wa Wren na kutolewa na mjukuu mwaka 1750, kiliwalaumu wenyeji kwa ukaidi. Ukaidi gani huo, wa mtu kutaka kurudi kwake? Msomaji wa Unguja ana haki ya kuuliza: mji wake nao ulichorewa mpango na Mwingereza, Lanchester, katika kitabu cha 1923.

Wren mwenyewe alipewa makanisa kuyajenga upya, mengi juu ya viwanja vilevile vilivyobanana na kupinda. Kuba la St Stephen Walbrook, lililokaa juu ya matao manane katikati ya msongamano huo, linaishinda ramani yote kwa uzuri.