Neno na Mwulizaji: Kuhusu Kauli za Watawa wa Jangwani

Wengi wanaosoma kauli za watawa wa jangwa la Misri, wale wa karne ya nne na ya tano, huzisoma kama methali. Kosa hili halishangazi. Kauli hizo, zilizokusanywa kwa Kigiriki kwa jina la Apophthegmata Patrum, ni fupi, hazina mapambo, na zilipita midomoni mwa watu kabla ya kuandikwa. Mkusanyo mmoja umezipanga kwa alfabeti ya majina ya wazee. Mwingine umezigawa kwa mada, na upambanuzi umepewa sura nzima. Huu wa pili ndio unaomvutia mtu mwenye jambo la kuamua, na ndio, kwa maoni yangu, unaompoteza upesi zaidi.

Nasema hivi kwa kuwa nilipotea. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, baba aliugua, nami nikasitasita baina ya kurudi nyumbani na kumaliza tasnifu. Nikafungua tafsiri ya mkusanyo huo. Ukurasa mmoja ulinihimiza nitulie mahali nilipo; mwingine uliweka kumhudumia mgonjwa juu ya saumu. Nikashika ule uliolingana na nia niliyokuwa nayo tayari.

Hilo lilikuwa kosa la usomaji. "Neno" la mzee si kauli ya jumla, ni jibu: mwanafunzi huliomba, na mzee humpima mwombaji kabla ya kunena. Ushahidi bora ni kisa cha Abba Joseph wa Panephysis. Poemen alimwuliza kama azipinge tamaa zimjiapo au aziache ziingie. Akaambiwa aziache ziingie, kisha apambane nazo. Mtu mwingine, kutoka Thebais, alipata kwa mzee yuyo huyo jibu la kinyume: azikate papo hapo. Poemen alipopata habari alirudi kuuliza, akaelezwa kwamba yeye alijibiwa kama mzee ambavyo angejijibu nafsi yake. Wako wengine ambao tamaa zikiwasogelea tu zitawadhuru. Waondoe waulizaji hao wawili, na kinachobaki ni ukinzani mtupu.

Methali zetu nazo hukinzana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini methali humwachia msemaji achague pa kuitumia, ambapo neno la mtawa limekwisha kuchaguliwa na mtu wa pili. Ndiyo maana John Cassian, akiandika katika miaka ya 420, anasimulia habari za Heron, aliyeishi jangwani kwa ukali miaka 50, kisha akajitupa kisimani kwa kuamini njozi yake. Hamlaumu kwa ulegevu. Anamlaumu kwa kufuata rai yake peke yake. Karne iliyofuata, Benedict aliufanya ushauri kuwa utaratibu: katika sura ya tatu ya Kanuni yake, jambo zito likitokea abati huwaita ndugu wote, hata aliye mdogo asikilizwe, ingawa uamuzi unabaki kwa abati.

Wala Cassian hadai kwamba kila mzee anafaa. Anamtaja mmoja aliyemkaripia kijana kwa sababu ya tamaa zake hata kijana akakata tamaa ya utawa na kuondoka. Kwa hiyo mwulizwaji naye ni sehemu ya matini, na mhariri anayemfuta pamoja na mwulizaji anatuachia ganda.

Mama alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. Sikumwuliza.