Mtu wa Kupimia Jiwe

Kuna mkahawa mmoja Kilimani ambao mimi huenda kuchora, kwa sababu chai yao ni ya bei ya binadamu na hakuna anayekufukuza kikombe kikiisha. Ukutani, juu ya mashine ya kahawa, wametundika nakala ya picha ya hekalu la Abu Simbel. Sidhani kuna mtu pale anajua imetoka wapi. Nahisi aliyeinunua aliipenda kwa vile rangi yake ya mchanga inaenda na viti. Nimekaa chini ya hiyo picha kama miaka miwili bila kuiangalia. Mwezi uliopita, kwa sababu nitakayowaambia baadaye, nikasimama mbele yake kama mtu anayesoma menyu na nikaanza kuhesabu watu.

Watu wapo. Wako chini kabisa, miguuni pa sanamu za Ramses wa Pili, wadogo kama punje. Mwenye uso wa kukumbukwa hayupo. Hakuna anayefanya kazi yoyote ya maana. Lakini usidhani hawana kazi, kazi wanayo: sanamu zile zina urefu wa kama mita 20, na bila wao hungejua kama ni za mita 20 au ni za kuweka juu ya friji. Wao ndio rula.

Picha hiyo ni ya David Roberts. Mskoti, alizaliwa 1796 Stockbridge, pembeni ya Edinburgh, baba yake fundi viatu. Hakuanza kama msanii wa makumbusho. Alianza kama mwanafunzi wa fundi wa kupaka rangi nyumba, akaingia kwenye kuchora mandhari ya jukwaani, yale mapazia makubwa ya nyuma ya waigizaji, hadi akafika kwenye majumba makubwa ya London, Drury Lane na Covent Garden. Mwaka 1838 akafika Misri, akakodi mashua na kupanda Mto Nile hadi Nubia. Mwaka uliofuata akapita Sinai, Petra na Yerusalemu, kisha akarudi kwao na mizigo ya michoro. Fundi mwingine, Louis Haghe, akaihamishia kwenye mawe ya kuchapia, na kuanzia 1842 hadi 1849 mchapishaji F. G. Moon akaitoa kwa mafungu, kwa watu waliojiandikisha na kulipa. Malkia Victoria alikuwa mmoja wao. Yaani subscription, kabla ya Netflix.

Naitaja hiyo kazi ya jukwaani kwa sababu nadhani ndiyo ufunguo wa kila kitu alichochora. Mchoraji wa pazia hujua jinsi ya kuweka mwanga ubavuni ili nguzo ionekane nene, na jinsi ya kushusha mstari wa macho ili ukuta ukuangukie. Roberts anajua yote hayo, na anajua sana. Lakini kwenye jukwaa pazia ni la mwigizaji. Akiingia mwigizaji, pazia linanyamaza. Kwa Roberts pazia ndilo linaloigiza usiku kucha, na binadamu wamewekwa pale chini ili lionekane refu.

Hakuwa wa kwanza. Piranesi, aliyechora magofu ya Roma karne moja kabla yake, alikuwa na watu wadogo zaidi, vijitu vyembamba vinavyorusha mikono kama vimeona moto. Kwa picha za Piranesi Roma ilionekana kubwa kuliko ilivyo, kiasi kwamba Goethe alipofika kuyaona magofu yenyewe aliona hayalingani na zile chapa. Lakini Piranesi alikuwa na utani wake, na watu wake wanashangaa. Wa Roberts hawashangai. Wamekaa tu. Picha baada ya picha, mtu amejinyoosha kivulini, mwingine ameegemea jiwe lililoanguka, kana kwamba nchi nzima ilikuwa inangoja basi. Hawa ni watu waliokuwa wakilima, wakivuta maji, wakiendesha hiyo mashua aliyokodi. Mtu aliyemvusha hadi Abu Simbel lazima alikuwa na mabega. Kwenye picha hana.

Sasa, kabla hamjanirukia: mimi si mmoja wa wale wa kusema kila Mzungu aliyeshika penseli Afrika alikuwa mwizi. Hilo ni somo rahisi mno, na kuna picha moja inanikataza kulifundisha. Ni ya ukumbi wa nguzo katika hekalu la Isis, kisiwa cha Philae. Roberts ameingia ndani na kuchora vichwa vya nguzo vikiwa na rangi zake: kijani, buluu, nyekundu, rangi ambazo zilikuwa zimedumu tangu enzi za kale. Ukienda leo hutazikuta hivyo. Waingereza walimaliza bwawa la kwanza la Aswan mwaka 1902, na Philae ikawa inakaa chini ya maji sehemu kubwa ya kila mwaka. Maji yakazisafisha rangi kama vumbi. Kati ya 1972 na 1980 hekalu lilibomolewa jiwe kwa jiwe, likahamishiwa kisiwa jirani cha Agilkia. Mawe yako salama. Rangi zimebaki kwenye karatasi, pamoja na hiyo ya mtoto wa fundi viatu. Kwa hivyo nikimkasirikia Roberts namkasirikia huku nimeshika kitu alichonihifadhia, na hasira ya aina hiyo haiendi mbali.

Abu Simbel nayo ilihamishwa, 1964 hadi 1968, kwa sababu ya bwawa la pili, lile kubwa. Ilikatwa vipande, ikapandishwa kama mita 65 juu. Dunia nzima ilichanga. Bwawa hilohilo liliwaondoa Wanubi kama laki moja, Misri na Sudan, kutoka vijiji vya kandokando ya mto, wakapelekwa makazi mapya mbali na maji waliyozaliwa nayo. Sisemi picha za Roberts ndizo zilizowahamisha. Hiyo ingekuwa kumpa mchoraji ukubwa asiokuwa nao. Nasema tu kwamba ukikulia kwenye ulimwengu ambao kwa zaidi ya miaka mia umeonyeshwa lile jiwe likiwa na uso na wale watu wakiwa hawana, ni rahisi kujua upesi kipi cha kuchangia.

Na uso Roberts alijua kuuchora na kuupenda, ukiwa wake. Alipokuwa Cairo alipata ruhusa ya kuingia misikitini kuchora, ila kwa masharti: avae mavazi ya kienyeji na asitumie brashi za nywele za nguruwe. Alikubali. Aliporudi Uingereza, rafiki yake Robert Scott Lauder alimchora akiwa ndani ya mavazi hayo, mwaka 1840. Picha iko Edinburgh. Ni picha nzuri kusema ukweli. Ana macho, ana ndevu, ana mawazo. Yaani kilemba kilipata uso siku kilipovaliwa na Roberts.

Miaka kumi na moja baada yake akaja mtu mwenye kamera. Maxime Du Camp alipanda Nile na rafiki yake Gustave Flaubert, mmoja akipiga picha, mwingine akilalamika. Mambo yangebadilika, si ndiyo? Kamera haichagui. Du Camp alimchukua baharia wa mashua yao, Mnubi aliyeitwa Haji Ismail, akampandisha juu ya sanamu, akamsimamisha kwenye nguzo, akamweka hapa na pale ili jiwe lipimike. Tatizo moja: picha ya zama hizo ilitaka mtu atulie tuli kwa muda mrefu. Du Camp mwenyewe anasimulia, tena kwa kujisifu, dawa aliyoipata. Alimwambia Haji Ismail kwamba ule mrija wa shaba unaotokeza kwenye kamera ni mzinga, na akitikisika utamfyatulia risasi.

Soma tena. Halafu itafute picha yake ya Abu Simbel, mtu mmoja amekaa juu ya kichwa cha mfalme, ametulia kabisa. Wataalamu wameisifu kwa utulivu wake.

Sisi watu wa pwani tuna picha yetu kwenye ukoo huu, na ni ya zamani kuliko hizo zote. Mwaka 1572 huko Cologne, padri Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg walitoa kitabu cha miji ya dunia. Kwenye ukurasa mmoja, juu kuna Aden, na chini yake vipande vitatu: Mombaza, Quiloa, Cefala. Mombasa, Kilwa, Sofala. Fort Jesus haijajengwa bado, itaanza 1593. Kilwa imeshavamiwa na Wareno tangu 1505, na Mombasa ikachomwa mwaka huohuo. Lakini ndani ya kitabu miji imekaa raha mustarehe na bahari yake na merikebu zake, na nyumba zimebanana kwa mtindo ambao ungeuweka kando ya mto wowote wa Ujerumani usishangaze mtu. Msikiti Mkuu wa Kilwa na makuba yake, Husuni Kubwa pale kwenye mwamba, kuta za matumbawe: huwezi kuvitambua. Niliponunua nakala ya ukurasa huo nilicheka peke yangu. Mombasa imekuwa Bavaria.

Kitu kilichonifurahisha zaidi kwenye kitabu hicho ni watu wake. Kwenye kurasa nyingi Braun aliweka mbele ya mji watu wakubwa wenye mavazi ya mahali. Na alitoa sababu: Waturuki, alivyodhani yeye, wasingekitumia kitabu kupanga vita kwa vile dini yao inakataza picha za binadamu. Mtu kama kufuli! Huku rula, kule kufuli. Nikajiuliza ni lini mtu aliwahi kuwekwa kwenye picha ya jengo kwa sababu tu alikuwa amesimama pale.

Hapo ndipo nafika kwenye ile sababu niliyowaahidi, na ningependa kuipita haraka lakini haitakuwa haki.

Mimi huchora Mji wa Kale, Mombasa. Mama yangu ni wa huko, mimi nimelelewa Nairobi, na nadhani nachora ili nipate haki ya kusema kwetu. Nauza nakala mtandaoni, shilingi 1,500 kipande, na zinanunuliwa. Barabara nyembamba, roshani za mbao, mlango wa kuchonga, kivuli cha saa kumi. Nyaya za stima huwa nazitoa. Madishi pia, AC, tangi jeusi la maji, tuktuk. Na pembeni, karibu na ukuta, huwa naweka mtu: mama wa buibui anayeishia konani, au mzee wa kanzu kwenye baraza. Ukiuliza kwa nini ningekwambia anaipa picha uhai.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa mkabala na mlango fulani, nachora tangu asubuhi. Mzee aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya mlango huo akainuka taratibu, akaja nyuma yangu, akasimama.

"Maashallah," akasema. "Na mimi niko wapi hapa?"

Nikamwonyesha. Mistari mitano, labda sita.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mzee wangu."

Akainama akaangalia, akavaa miwani, akaangalia tena. "Mlango wangu umeuhesabia mpaka misumari, kijana. Mimi hata pua hukunipa."

Hakuwa na hasira. Ndiyo ilivyoniuma. Akarudi kukaa palepale, sawasawa kama nilivyomweka, na mimi nikaona ni kiasi gani nilikuwa nimemweka. Mlango ule baba yake ndiye aliyeutia mafuta kila mwaka, aliniambia baadaye. Yeye mwenyewe alikuwa kuli bandarini hadi magoti yakakataa. Nyaya nilizozitoa zinapeleka stima kwenye friji yenye insulini ya mkewe.

Nimejaribu kumchora upya mara nne. Ni ngumu kuliko nilivyofikiri, na wakosoaji, nikiwemo, tungeandika kwa adabu zaidi tungejua. Uso ukiwa mkubwa, nyumba haiingii kwenye karatasi. Ukiingiza nyumba, mzee anarudi kuwa chembe. Kwenye jaribio la tatu nilikata roshani yote ya juu nikabakisha nusu ya mlango, bega lake, na tangi jeusi likichungulia nyuma, na hiyo naona inaelekea mahali. Niliiweka mtandaoni usiku. Mteja wangu wa siku nyingi akaniuliza kwa upole kama bado nina ile nyingine, ya kivuli, inakwenda vizuri na sebule.

Ninayo bado. Nilimuuzia, kodi haingoji.

Jumamosi nateremka Mombasa tena kwa jaribio la tano. Mzee amekubali kukaa, ila amesema nisifike kabla ya alasiri. Kofia yake ya vito iko kwa dobi, na hataki kuchorwa kichwa wazi.