Miamala 6,000 kwa sekunde, lakini inakwenda kwa nani?

Septemba 2025 Safaricom ilitangaza kwamba mfumo mpya wa M-Pesa unaweza kupitisha miamala 6,000 kwa sekunde, na nafasi ya kufika 12,000. Kwa sisi tunaoandika programu za malipo huku Lavington, karibu kabisa na makao makuu yao pale Waiyaki Way, swali la kwanza lilikuwa: kutoka kwa nani kwenda kwa nani? Miamala 6,000 kati ya watu 12,000 tofauti ni kazi moja. Miamala hiyohiyo ikiingia yote kwenye Paybill moja, hiyo ni kazi nyingine. Na Paybill ya namna hiyo tunayo: tangu 2023 malipo ya huduma za serikali yameelekezwa kwenye 222222.

Kupima wingi wa miamala si jambo geni. Mwaka 1985 mtaalamu wa hifadhidata Jim Gray na wenzake, wakijificha nyuma ya jina Anon, walichapisha katika jarida la Datamation kipimo kiitwacho DebitCredit, cha benki yenye matawi, makarani na akaunti. Hawakutaka wingi peke yake. Walidai pia asilimia 95 ya miamala ijibiwe ndani ya sekunde moja. Mjukuu wa kipimo hicho yumo ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL hadi leo, anaitwa pgbench. Usipobadilisha chochote, hukupa akaunti 100,000, makarani 10 na tawi moja tu, na kila muamala lazima ubadilishe salio la tawi. Washa wateja 50 uone: mmoja anafanya kazi, karibu wote waliobaki wanamsubiri. Mwongozo wa PostgreSQL unashauri matawi yasiwe machache kuliko wateja, la sivyo utapima msongamano tu. Ushauri mzuri kwa anayepima seva. Kwa anayepima malipo ya Kenya mwisho wa mwezi, msongamano ndio hasa anaopaswa kuupima.

Hesabu yake ni fupi. Muamala unaobadilisha salio hulishika kufuli la safu ya jedwali yenye salio hilo, na haliachii mpaka diski ithibitishe kwamba imeandika. Uthibitisho ukichukua milisekunde moja, safu hiyo haitavuka mabadiliko 1,000 kwa sekunde, prosesa iwe na viini 4 au 64. Ongeza nakala katika kituo kingine ambayo lazima nayo ithibitishe, muda ukafika milisekunde tano, unabaki na 200. Ni sawa na kupanua James Gichuru Road iwe na njia nane huku zote zikiishia makutano yaleyale ya Waiyaki Way.

Wanaosubiri nao wana gharama. PostgreSQL humpa kila aliyeunganishwa prosesi yake, na Linux kwa kawaida hugawa kumbukumbu kwa kurasa za KB 4. Ukitenga akiba ya pamoja ya GB 8, hizo ni kurasa 2,097,152. Kila prosesi inayozigusa zote huhitaji daftari lake la anwani, baiti 8 kwa ukurasa: MB 16. Waunganishe wateja 500, na madaftari peke yake yanakaribia GB 8, yaani ukubwa wa akiba yenyewe! Washa huge_pages, kurasa ziwe za MB 2, na kila daftari linashuka hadi KB 32. Ni seva chache mno nilizozikuta zimefanyiwa hivyo.

Kibaya zaidi ni prosesi kushika kufuli dogo la ndani, kisha ikagusa ukurasa ambao haumo bado katika daftari lake, au Linux ikampa mwingine zamu ya kiini kabla haijaliachia. Wenzake wanazunguka palepale wakichoma umeme. Grafu inaonyesha prosesa imejaa, na meneja anaidhinisha ununuzi wa seva kubwa zaidi.

Mwaka 2020 Joran Dirk Greef wa Cape Town alichunguza Mojaloop, mfumo huria wa malipo uliofadhiliwa na Gates Foundation, akakuta muamala mmoja unauliza hifadhidata mara 10 hadi 20. Kutokana na hilo akaanzisha hifadhidata ya TigerBeetle. Humo hakuna makufuli ya safu, kwa sababu thredi moja tu ndiyo inayobadilisha masalio. Uhamisho mmoja ni baiti 128, na zaidi ya 8,000 huingia katika ujumbe mmoja wa MB 1, hivyo diski huthibitisha fungu zima kwa mkupuo. Kumbukumbu yote hutengwa mfumo unapowaka. Milisekunde ile moja sasa inagawanywa kwa maelfu, hata kama wote wanalipa akaunti moja. Ila SQL hakuna, majina ya wateja yatabaki PostgreSQL, na kuzioanisha hifadhidata mbili umeme unapokatika katikati ni mzigo wako.

Kwa biashara nyingi za hapa ningeanza na dawa ya bei nafuu zaidi: gawa salio la akaunti yenye msongamano katika safu 16, kila malipo yaangukie mojawapo bila mpangilio, kisha zijumlishwe wakati wa kusoma. Kwa pgbench, linganisha tawi moja (-s 1) na matawi 16 (-s 16) kwa wateja walewale. Ugumu huja wakati wa kutoa pesa, kwa kuwa safu moja yaweza kukauka ilhali jumla inatosha. Lakini Paybill hupokea mchana kutwa na kutoa mara chache, kwa hiyo anayetoa anaweza kuzifunga safu zote 16 kwa muda mfupi, kwa mpangilio uleule kila mara ili watoaji wawili wasije wakakwamishana.