Herufi Moja kwa Kila Asidi Amino

Mwaka 1965 Margaret Dayhoff na wenzake walichapisha nchini Marekani Atlas of Protein Sequence and Structure, kitabu kilichokusanya mifuatano ya asidi amino ya protini 65. Enzi hizo asidi amino ilifupishwa kwa herufi tatu: Ala, Gly, Lys. Kadi ya kompyuta yenye matundu ilikuwa na safu 80 tu, kwa hiyo herufi tatu zilikuwa israfu. Ukaja msimbo wa herufi moja, na mwaka 1968 tume ya pamoja ya IUPAC na IUB, mashirika ya kimataifa ya kemia na biokemia, ikautolea kanuni.

Asidi 20, herufi 26. Mtu angedhani ni kazi ya dakika chache. Lakini majina manne ya Kiingereza yanaanza na A, matatu na G, matatu na T. Alanini, iliyo sahili na ya kawaida, ikapewa A. Arginini ikapata R, sauti inayosikika ndani ya jina lake. Lisini ikaangukia K kwa sababu tu K ni jirani wa L, ambayo leusini ilishaichukua. Triptofani, yenye pete mbili kwenye muundo wake, ikapewa herufi pana W; kwangu huo ndio uamuzi wenye akili kuliko yote.

Upande wa DNA, alama za kuonyesha shaka kuhusu besi iliyopo zilipangwa mwaka 1984 kwa ujanja kama huo. H maana yake ni "chochote isipokuwa G", kwa kuwa hufuata G katika alfabeti. Kwa "chochote isipokuwa T" ilibidi waruke U, maana RNA inaitumia, wakatua kwenye V.

Tatizo ni kwamba kila alama ya DNA ni alama halali ya protini pia. ACGT inaweza kuwa besi nne, au alanini, sisteini, glisini na treonini. Rekodi ya hifadhidata ya GenBank hujieleza kwenye mstari wake wa kwanza, kwa kutaja urefu kwa bp (jozi za besi) au aa (asidi amino). Faili la FASTA, lililoenea kutokana na programu ya Lipman na Pearson ya miaka ya 1980, lina alama ya > na maelezo huru, kisha herufi tupu. Programu nyingi hukisia: herufi zikiwa karibu zote A, C, G, T na N (besi yoyote), zinahesabiwa DNA. Kipande kifupi cha protini huweza kuzihadaa. BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, haijiingizi katika ubashiri huo. Mtumiaji mwenyewe huchagua blastn (ya DNA) au blastp (ya protini) kabla ya kutafuta.